Sahani ya Kuazima

Asubuhi ile binti alikuwa amepiga magoti mbele ya nusu yai, akilibembeleza likae vizuri kwenye picha. Pembeni yake dengu, mboga za majani na kijiko alichokipangusa kwa sketi ya shule. Sahani haikuwa yao. Hata meza haikuwa meza, ilikuwa katoni ya jirani iliyofunikwa kitambaa cha maua.

"Hilo yai nalijua lilivyo," jirani, Mama Cherehani, alimtania kutoka jikoni. "Likipungua nitajua nani."

Binti akacheka kwa pua. Mwezi mzima alikuwa amemdanganya kwamba picha hizo ni kazi ya shule, somo la sayansi. Kusema kweli kungetaka mdomo, na yeye darasani alikuwa radhi abanwe na haja mpaka kengele ilie kuliko anyooshe mkono.

Kweli yenyewe ni kwamba mama yake alikuwa na kisukari. Kliniki iliwawekea kwenye simu programu yenye alama ya jani, kila siku watume picha ya sahani ya mgonjwa. Nesi alisema, tena foleni nzima ikisikia, "Tumeni mnachokula kweli, hata kama ni chai ya rangi."

Foleni ikageuka kuwatazama. Binti akatamani ardhi ipasuke, na papo hapo akaapa kwamba chai yao ya rangi haitaonwa na mtu.

Na haikuonwa. Siku thelathini, alama thelathini za kijani. Alishakuwa bingwa: alijua dirisha gani lina mwanga wa kupendezesha dengu za watu. Programu ilipomwandikia "Hongera, endelea hivyo hivyo," alivimba kichwa kama aliyepika.

"Wanasemaje?" mama yake aliuliza kila jioni.

"Wanakusifu."

"Haya. Mimi nikiinama naona giza."

Maana dawa alikuwa anaimeza juu ya viazi viwili na chai, siku nyingine chai peke yake.

Asubuhi hiyo aliporudi nyumbani, binti alimkuta mama yake chini, kando ya beseni la vyombo, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Sukari ilikuwa imeshuka. Alimnywesha chai yenye vijiko vya mwisho vya sukari vilivyobaki kwenye kopo, mpaka macho yakarudi. Kisha akapiga picha sufuria yao, tupu mpaka kitako, wala hakutafuta mwanga. Akaandika: "Samahani. Yetu ni hii." Akatuma.

Programu iliyozoea kumsifu ndani ya dakika moja haikusema kitu.

Akarudi mbio kwa jirani, akasema maneno mengi kuliko aliyosema muhula mzima. "Mama ameanguka. Ana kisukari. Naomba ile sahani, leo si ya picha."

Mama Cherehani alimpa sahani na yai lote. Halafu akasita.

"Kisukari kama mimi?"

Akavuta kile kitambaa cha maua. Ubavuni mwa katoni palikuwa pamechorwa jani kubwa la kijani, kama lile la programu.

"Kuna mwezi nilituma kliniki picha ya sufuria tupu, ikaja alama nyekundu. Tangu hapo kila Jumatatu wananiletea boksi la chakula. Kwani nyie la kwenu mnampa nani?"

Simu mfukoni haikulia.