Ardhi Tupu

Wanafunzi walipiga makofi. Ramani ya setilaiti iliyomulikwa ukutani ilionyesha kiwanja cha maktaba mpya, na juu yake Profesa Mbonde wa uhandisi alikuwa ameandika: ARDHI TUPU.

Dokta Mwanahawa wa historia, aliyepangwa kufundisha naye somo hilo, aliinuka ghafla.

“Tupu? Hapo kalala mama yangu!”

“Setilaiti haikuona kaburi, Dokta.”

“Itaonaje? Sisi hatujengei makaburi. Tunaweka jiwe na kupanda mrehani. Si tuliambiwa tufundishe pamoja? Au nimekuja kukushikia nyaya?”

Akanyakua kalamu ya wino usiofutika, akachora duara juu ya kiwanja. Mama. Akachora jingine. Bibi. Jingine. Shangazi.

“Unachafua ukuta!” Profesa alifoka, akazima projekta.

Ramani ikatoweka. Makaburi yakabaki.