Bangili za Kiwandani

Bangili za kazi hazivuliwi mpaka mkataba uishe, na ndizo zinazoiendesha mikono. Kiwandani sina neno. Mashine ya kuchapa fulana inazunguka na mbao zake kuelekea kulia, nami nauvalisha kila ubao unaopita: shika mabega, vuta, shingo kwenye alama, nyoosha mikunjo, toa mikono kabla ubao haujaondoka. Jana mabosi waliongeza kasi, na bangili zikaongeza.

Balaa liko nyumbani. Leo asubuhi nilimvalisha binti yangu Tunu sare ya shule, na mikono haijui kama hii ni shingo ya mtoto.

“Mama Tunu, taratibu, utamuumiza!” mume wangu akasema.

“Hebu zivue wewe, kama unaweza!”

Zamani Tunu alikuwa akicheka, akijinyonganyonga, anataka kutekenywa. Leo alisimama wima kama ubao, mikono ameibana. Nikavuta, nikanyoosha, nikaachia. Nikainama nimbusu.

Alikuwa ameshasogea kulia, kanipisha. Mikono yangu ikanyooka kushika mabega ya anayefuata.

Na sisi tuna mtoto mmoja tu.