Shingo Isiyovunjika

Mzee Nyuzi alikuwa anachemsha kipande cha bunduki kwenye sufuria ya chai.

Jirani yake, mama muuza mkaa, alichungulia dirishani akamuuliza kama siku hizi risasi zinaliwa kwa mchuzi. Mzee hakucheka. Akamweleza kwamba nailoni ikitoka mashineni ni kavu, inakatika kama biskuti. Ukiichemsha inakunywa maji, inakuwa sugu. Na bunduki yenyewe si ya kuua mtu. Ni ya mchezo, ile inayotema vidonge vya rangi, watu wazima na akili zao wanalengana mpaka jioni.

"Kwani ile uliyompa binti yako imevunjika?"

"Haivunjiki ile."

"Sasa hii ya nini?"

Mzee akafunika sufuria.

Binti yake alikuwa na uwanja wa mchezo huo upande wa pili wa mji, yeye na mume ambaye baba hakumtaka. Siku ya harusi Mzee alijifungia ndani. Binti alikuja na gauni lake kuomba radhi, akajibiwa kupitia tundu la ufunguo: mlango huu anaingia mwenye kazi tu, asiye na kazi apite. Maji yakimwagika hayazoleki. Tangu hapo hata salamu ikakatika.

Halafu Jumamosi moja, kitambo kabla ya siku hii ya sufuria, binti akabisha hodi.

"Shikamoo, Baba. Nimeleta kazi."

Aliweka mezani bunduki isiyo na shingo, yaani kile kipande cha juu kinachoshika kopo la vidonge. Alisema imevunjika, na spea yake haiuzwi tena. Mzee, aliyekuwa fundi redio mpaka redio zikamkimbia, sasa alikuwa na printa ya kuchapa vitu vya plastiki, aliyoiunga mwenyewe kwa vyuma vya mitumba. Akapima, akachora kwenye kompyuta, akawasha. Mashine ikaanza kulaza uzi juu ya uzi, polepole, kama mtu anayesuka ukili.

Kazi hiyo haina haraka. Binti alikaa kwenye benchi akisubiri. Waliongea habari za plastiki tu. Lakini kabla jua halijageuka alikuwa ameshafagia, ameshafua pazia, na ameshauliza dawa ya kifua inanywewa saa ngapi.

Jumamosi iliyofuata alirudi, shingo vipande viwili.

Mzee aliona aibu. Alikuwa ameichapa ikiwa imesimama, tabaka zikaachana. Akaichapa ikiwa imelala. Ikarudi imevunjika. Akanenepesha kuta zake, akaviringisha ile kona ya ndani ambayo ufa hupenda kuanzia. Ikarudi. Tena zilikuwa zinavunjika kwa namna ya ajabu: plastiki ya kuchapa hufa kwenye tabaka zake, lakini hizi zilikatika kwa kukatiza, na pembeni zina vijimeno vidogo vidogo. Mzee akasema labda ni mbano wa kopo unaouma, akazidi kujilaumu.

Muuza mkaa alimtania kwamba fundi anatengeneza vya kuvunjika ili mteja asipotee. Yalimchoma. Neno "nisamehe" mdomo wake haukuwahi kulijua, na uzeeni mdomo haufundishiki. Mikono ndiyo ilikuwa inajua kusema. Alijiambia kwamba siku atakayompa mwanawe kitu kisichovunjika, mwanawe ataelewa.

Akatafuta nailoni. Akaharibu nyingi, akachemsha, akapiga nyundo, akakanyaga. Mwishowe moja ikaidundisha nyundo, ikamrukia usoni ikiwa nzima.

Binti alipokuja aliipokea, akaikunja kwa vidole, kisha kwa mikono miwili, kisha akaikandamiza kwenye goti.

"Hii haitavunjika, Baba?"

"Hata ukiipitishia lori." Mzee alikuwa anatabasamu, jambo la nadra kwake. "Sasa umepumzika na safari za huku."

Binti alimtazama sana. Akaifunga shingo kwenye kitambaa chake, taratibu.

"Ahsante, Fundi."

Hakuwahi kumwita Fundi. Mzee alilala usingizi mtamu kwa sifa ile.

Jumamosi iliyofuata binti hakuja, na Mzee akamtambia muuza mkaa: unaona, imeshika. Iliyofuata hakutamba. Benchi likaingia vumbi. Pakipita viatu vya mwanamke nje, alikuwa anazima feni asikilize.

Mwisho akaamua kwenda yeye. Ila kwa maneno yale aliyoyatoa kupitia tundu la ufunguo, angekwendaje mikono mitupu? Akachapa shingo nyingine ya akiba, akaichemsha kwenye sufuria ya chai, akaikausha kwa kanga ya marehemu mkewe, akapanda gari.

Uwanjani alimkuta mlinzi anapanga matairi. Wenyewe wamehama, mlinzi akamwambia. Bwana kapata kazi ng'ambo, wameondoka wiki hii, uwanja una mwenyewe mwingine.

Mzee akaomba aone bunduki tu. Zilikuwa zimetundikwa ukutani mwa stoo, safu nzima. Shingo zote za chuma, kuukuu, zimechubuka rangi, hata moja haina ufa.

"Na ile ya plastiki?"

Mlinzi akamwonyesha meza ya kazi. Shingo ilikuwa bado imebanwa kwenye jiliwa, nzima. Ubavu mmoja umejaa meno ya koleo. Ubavu wa pili umeungua mweusi, na juu yake mfereji mfupi wa msumeno ulioishia njiani.

"Hiyo? Yule dada kaipiga nyundo mpaka asubuhi ya kuhama, huku gari linamsubiri. Nikamuuliza, dada, kwani unatafuta nini kwenye kidude hicho?"

Mlinzi akatikisa kichwa, akicheka kidogo.

"Akasema anatafuta kazi ya kumpelekea baba yake."