Daftari Lililoitangulia Jumapili

Ilikuwa Alhamisi, lakini daftari la vipimo vya sukari la mdogo wangu lilikuwa limejazwa mpaka Jumapili. Nilirudia tarehe mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Asubuhi sita, jioni saba, namba nzuri tupu.

Tulikuwa kwenye benchi la kliniki, na mbele yetu alikuwa amebaki mtu mmoja tu, aliyekuwa ndani kwa nesi.

Nikamshika mkono, nikaugeuza. Mtu anayejitoboa kupima kila siku huwa na vidoti vyeusi kwenye ncha za vidole. Vidole vyake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga.

"Tangu lini?"

"Dada, usiniumbue. Mama anawasomea majirani namba hizo."

"Na sindano za insulini?"

Akainamia viatu vyake. "Nyingine nachoma, nyingine naruka. Kuna siku nachoka na kila kitu, dada. Kila kitu."

Mlango ukafunguka. "Bingwa wangu!" nesi akaita huku anacheka. "Lete daftari niwaoneshe hawa wavivu!"

Vijana wenzake waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakaguna. "Kipenzi cha nesi huyo," mmoja akamtania.

Daftari nilikuwa nalo mimi. Dozi yake inapangwa kwa namba zile, na dozi ya uongo inaua. Mdogo wangu alinikazia macho.

Nikalitia daftari kwenye mkoba, nikavuta zipu.

"Nesi, leo hatuna namba. Tunaomba ufunge mlango, utusikilize."

Kicheko kikamkauka nesi. Mdogo wangu alinibana vidole mpaka vikauma, lakini akasimama.