Aliyechimba Ngolo za Ida

Haya ni kweli tupu, na nikiongeza hata punje, maharage yangu yaote mizizi juu.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda hadi kijijini kwetu Maguu na malori yao, Ida, mke wa Wendelin, alijifungua mtoto wa kike, kisha akageukia ukuta. Hali, halali. Mtoto akilia, naye analia. Siku moja akamwambia mumewe, "Mtafutie mtoto mama anayeweza. Mimi siwezi."

Wendelin aliogopa, akashuka hadi zahanati kumwuliza nesi.

Shambani nako aibu ilikuwa imeanikwa. Kwetu Umatengoni ngolo, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, ni kazi ya wawili: mwanamume hukata majani na kuyapanga miraba mlimani, mwanamke huyafukia kwa udongo. Miraba ya Wendelin ilikaukia juani, ng'ambo nzima ya bonde ikiitazama.

"Uvivu huo," alisema Gertrude, mama mkwe. "Mimi nilipomzaa Wendelin, wiki ya pili nilikuwa nachimba ngolo. Muulizeni yeyote wa ng'ambo, waliniona wote."

Mumewe, mzee Thadei, alipatwa na kikohozi, akatoka nje.

Jumatatu, watu wa ng'ambo wakamwona Ida shambani. Khanga kichwani, khanga kiunoni, jembe linapanda na kushuka. Kufikia Alhamisi alikuwa amemaliza nusu ya mlima. Wengine waliapa kwamba udongo ulikuwa unajifukia wenyewe kwa kumwogopa.

"Si niliwaambia?" Gertrude alitamba kisimani. "Maneno yangu ni dawa."

Wanawake waliokuwa wakimpelekea Ida uji wakaacha. Mtu anayechimba vile anabembelezwa nini?

Ijumaa Gertrude akabeba kuku kwapani, akapanda mlimani kumpongeza mkwe wake. Alipofika karibu, akaona ndevu.

"Wendelin, mwanamume mzima unafukia ngolo?"

"Shikamoo, mama. Nesi amesema Ida ni mgonjwa. Ugonjwa huu huwapata wanawake wengi wakishajifungua. Si uvivu wala si kurogwa. Apumzike, ale, asiachwe peke yake. Lakini tangu utangaze amepona, hakuna anayekuja. Leo amebaki na baba."

"Na hizo khanga?"

"Baba ndiye aliyenifunga."

"Baba yako anajua nini habari za kufunga khanga?"

Wendelin alijifuta jasho. "Anasema msimu niliozaliwa mimi alijifunga za kwako, akachimba, mpaka ulipoanza tena kula."

Gertrude akatazama ng'ambo. Watu walikuwa wengi.

Basi, mimi Gertrude mwenyewe nikampa kuku akampikie mkewe, nikapokea jembe.