Kifua cha Baba Mkwe

Sheria inataka kila mzee achunguzwe kitandani kila asubuhi, kama mishipa mikubwa ya kifua imeziba. Mashine ya altrasaundi ya nyumba yetu inakubali mkono wangu tu. Nimesema mpaka nimechoka: kwetu Tukuyu mwanamke hamgusi baba mkwe, hata kumtazama usoni ni mwiko. Watu wa zahanati wakaniambia nizoee.

Sikuzoea. Miezi saba nimejipaka ile jeli ya baridi na kujipima mwenyewe kwa jina lake, Mzee Mwakalukwa, na mashine haikuuliza kitu.

Wiki hii uso wake umevimba, mishipa ya shingo imemtoka, na usiku analala ameketi. Leo amefungua shati mwenyewe, akageukia ukutani.

"Pima, mkwe. Mila hainipi pumzi."

Nikafumba macho, nikapima.

"Huyu si Mzee Mwakalukwa," mashine ikasema. "Tafadhali mpime Mzee Mwakalukwa."

Nikarudia mara nne. Jibu lile lile.

"Basi ita daktari," nikaiambia.

"Daktari wa nini? Mzee Mwakalukwa amepimwa jana. Ni mzima kabisa."