Mota Mbili, Bawa Moja

Jentrix aliweka sikio kwenye bawa la ndege yao ya rimoti, akasikia mlio mwembamba. Mota mbili ndogo za kusukuma kibao kimoja cha kugeuzia, nyuma ya bawa, zilikuwa zinavutana, kila moja ikitaka lake. Akazigusa. Zilikuwa moto kama kikombe cha chai.

"Wacha hiyo, mji mzima wa Litein unangoja kuiona ikiruka," mumewe akasema. Ndege ya kwanza aliirusha yeye, ikaangukia katikati ya shamba la chai.

"Hata ile ililia hivi. Ukasema ni upepo."

Akafungua skrubu, akasogeza mkono wa mota moja jino moja tu la gia ili zisukume pamoja, akakaza tena. Bawa likanyamaza.

Mumewe akainama, akasikiliza. Kisha akavua mkanda wa rimoti shingoni, akamvisha mkewe.

"Rusha wewe."